Mgeni wa Darasa la Nne

Shule yetu ilipoanza kushirikiana na shirika la kupambana na saratani ya kinywa, ile inayoletwa na kutafuna popoo, wazee walicheka. Kwetu mgeni hupewa popoo kabla ya maji, na msichana akimpenda mvulana humtilia popoo mfukoni siku ya ngoma ya mavuno. Mama yangu aliniuliza, huku anatafuna, kama sasa watu wa Taipei, mji mkuu, watatufundisha na kupumua.

Mimi nafundisha darasa la nne, na masomo yale niliyapenda. Shirika lilituletea vioo na picha, na mratibu wao, Dada Yi-chen, aliwafundisha watoto kutazama ndani ya mashavu ya watu wa nyumbani. Wengine walirudi wakisema babu kawafukuza. Kisha Yi-chen akanipigia simu kwamba safari hii atamleta mtu aliyeugua akapona, awaeleze watoto mwenyewe.

Alikuja mwanamume mwembamba mwenye kofia na barakoa. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya ubao, akaivua ile barakoa.

Taya la kushoto halikuwapo. Ngozi iliyotolewa pajani ilikuwa imeshonwa shavuni, na mdomo umevutwa upande mmoja. Mtoto wa mbele alianza kulia. Nilitaka kuwaambia wasimkodolee mgeni macho, lakini yangu mwenyewe hayakubanduka.

Maneno yake ya Kichina yalitoka yamelowa mate, ikabidi Yi-chen ayarudie. Alikuwa fundi wa vyuma kwenye maghorofa, akitafuna tambuu, yaani popoo iliyofungwa katika jani, ili asisinzie huko juu. Kidonda cha shavuni alikiona mapema, akajidanganya kuwa ni jino. Nilimsikiliza kwa huruma ile tunayowapa watu baki.

Ndipo Kacaw, mtundu wa darasa, akamwuliza kwa lugha yetu ya nyumbani: "Mjomba, wali wa kunata unauweza?"

Mgeni hakumngoja Yi-chen. Alijibu kwa lugha ile ile, kwa lafudhi ya kijiji chetu hasa. "Uji tu, mwanangu. Wali nimekuachia wewe."

Watoto walicheka. Mimi nilishika ukingo wa meza. Nilimtazama macho, maana usoni ndiyo pekee yaliyosalia kama yalivyokuwa. Alikuwa Ofad, kaka yangu.

Alikwenda mjini kutafuta kazi, na miaka mingi hakuwa amepiga simu. Tulisema kapata mwanamke wa mjini, katusahau. Kila mavuno rika lake lilicheza ngoma bila yeye, na mama akaacha kulitaja jina lake.

"Dongi," aliniambia, "usilie mbele ya watoto. Watadhani wanachomwa sindano."

Sikulia. Nilimwuliza, darasa zima likisikia, alikuwa wapi tulipomzika baba.

Alisema alikuwa hospitali, ana mpira wa kupumulia kooni. Baadaye alipojiona kwenye kioo, akaona heri aitwe mtovu wa shukrani kuliko kuonekana vile. Shirika lilipomwomba azungumze mashuleni, aliitaka shule yetu, akamsihi Yi-chen asinitajie jina lake ili moyo ukimshinda aweze kurudi kimyakimya.

Jioni nilimpeleka nyumbani. Mama alikuwa barazani anapasua popoo. Alimtazama, kisu kimesimama mkononi.

"Na mkeo yuko wapi?" aliuliza.

"Sina mke, mama."

"Basi tumemsengenya mtoto wa watu bure."

Aliingia ndani, nikamsikia akiangusha masufuria.

Ofad alikaa wiki nzima. Mama alimpikia uji wa samaki, akimpa bakuli kisha akigeukia baharini mpaka amalize. Tambuu yake mama hakuiacha, alianza tu kuificha nikiingia. Siku Yi-chen alipokuja kumchukua kwenda shule nyingine ya pwani, mama alisogeza kiti chake, akaketi uso kwa uso na mwanawe wakati anakula. Mate yalimchuruzika kidevuni. Mama aliyafuta kwa kiganja, akamwambia asile kwa haraka, gari litangoja.