Kimya cha Myron

Mama alituzaa wawili tu, mimi na Myron. Alipofariki mwishoni mwa kiangazi, wosia wake haukuwa na mafumbo: nyumba na shamba la kule kaskazini mwa mji wa Dauphin tugawane nusu kwa nusu, na Myron awe msimamizi wa mirathi. Mimi naishi Winnipeg, safari ya saa nne kwa gari. Yeye anaishi jirani na nyumba yenyewe. Nani angebisha?

Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula pyrohy, zile sambusa zetu za kuchemsha, ukumbini mwa kanisa, alinishika bega. "Luba, we lia tu. Haya makaratasi niachie mimi."

Nikamwachia.

Majani yalipopukutika nilimuuliza tumefikia wapi. "Mambo yanakwenda," akasema. Theluji ya kwanza ilipoanguka nikamuuliza tena. "Yanakwenda, Luba." Baada ya hapo simu yake ikawa inaita mpaka inakata. Nikituma ujumbe naona kabisa kwamba ameusoma, lakini jibu hakuna.

Hapo ndipo nilipoanza kuumwa na mawazo. Ameuza shamba. Amelipia madeni yake. Mkewe Charlene ameweka picha mtandaoni yuko ndani ya gari jipya; gari limetoka wapi? Halafu najilaumu: huyu ni Myron, aliyenifundisha kuogelea. Halafu tena: basi kwa nini hasemi?

"Utakufa kabla hujarithi," mume wangu Gord akaniambia, "halafu hiyo nusu nitaila mimi." Nikacheka, kisha nikajikuta nalia juu ya vyombo.

Mkesha wa Krismasi yetu, ile ya Januari ya kalenda ya zamani ya kanisa, niliandaa vyakula kumi na viwili na kuacha kiti cha Mama kitupu kama desturi ilivyo. Kiti cha Myron nacho kikabaki kitupu. Tangu tuzaliwe hajawahi kukosa mlo huo. "Ana homa," Charlene alisema simuni, kwa sauti ya mtu aliyeandikiwa maneno.

Nikaenda kwa wakili, Bi. Lavallée, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea.

"Naogopa nitaonekana mroho," nikamwambia. "Udongo wa kaburi haujakauka."

"Uroho uko wapi hapo? Kaka yako hajashika mali yake, ameshika mali yenu. Aliyekabidhiwa hutoa hesabu. Una haki ya kujua kuna nini, kinadaiwa nini, kimeuzwa nini na kimebaki nini."

"Na akikataa?"

"Tutamwomba jaji amwamuru. Ila na wewe usimkalie kichwani akueleze kanunua stempu ngapi. Mirathi huchukua muda, mara nyingi mwaka na zaidi. Muulize kwa adabu, kwa maandishi, umpe nafasi ya kujibu."

Nilimwandikia kwa adabu zote nilizolelewa nazo, wala sikuficha kwamba nimemwona wakili. Jibu lilikuja jioni ile ile: "Kumbe umeshakimbilia kwa mawakili. Nipeleke kortini, uone kama utakuwa na kaka tena."

Nilisoma maneno yale nimesimama. Mwizi asingeandika hivyo, niliwaza, lakini na mtu safi naye asingeandika hivyo. Jumamosi nikawasha gari.

Charlene alifungua mlango wake nusu. "Yuko kwa mama yenu," akasema. Nilipogeuka akaniita. "Wifi, tafadhali. Usimfokee."

Madirisha ya nyumba ya Mama yalikuwa meupe, weupe uliotoka ndani. Mlango ulikuwa umeng'ang'ania; nikausukuma kwa bega. Baridi ya mle ndani ilikuwa kali kuliko ya nje, na kutoka jikoni nikasikia mlio wa shoka.

Myron alikuwa amepiga magoti anakata barafu. Barafu ilikuwa imetanda sakafu nzima na kumeza miguu ya kabati. Dari lilikuwa limeangukia meza. Kwenye ngazi barafu ilishuka mafungu mafungu kama nta ya mshumaa, na kitambaa alichokitarizi Mama kwa ajili ya picha za watakatifu kilikuwa kimekakamaa ukutani kama ubao.

"Usiingie, utateleza," akasema bila kugeuka, kana kwamba nimekuja kuazima sukari.

"Myron, ni nini hiki?"

"Mtambo wa kupasha nyumba joto ulizimika. Maji yakaganda, mabomba yakapasuka."

"Lini?"

Akapiga shoka mara mbili. "Kabla ya Krismasi ya Waingereza, ile ya Desemba."

"Si ulikuwa unakuja kukagua?"

"Mwanzoni nilikuja kila siku. Halafu... Luba, naingia naona miwani yake pale dirishani. Nikasema nitakuja kesho. Kesho yake nikasema kesho. Watu wa bima wanataka nyumba tupu ikaguliwe. Nilijua. Nilijua yote hayo."

Nitasema kweli, kwanza nilifurahi. Hakuiba! Furaha yenyewe ikanitia aibu, na nyuma yake hasira ikaja mbio.

"Muda wote huu nakuita mwizi moyoni mwangu! Ungesema siku ile ile, mimi na Gord tungekuja, tungefunga maji, tungeokoa hata picha!"

"Ningeanzaje kukuambia? Mama alinikabidhi kitu kimoja tu."

"Alitukabidhi sisi! Huwezi kunifichia nyumba inavyokufa. Nusu ya hii barafu ni yangu!"

Myron akanitazama. Kicheko kikamponyoka, kibaya, cha kooni, na kabla hakijaisha akawa analia huku ameshika shoka. Nikamnyang'anya lile shoka. Kumkumbatia sikuweza, siku ile.

Bima walikataa kulipa. Bi. Lavallée alinieleza wazi kwamba ningeweza kumdai Myron hasara yote, kwa kuwa alizembea kutunza kitu alichokabidhiwa. Gord alisema, "Mdai." Nikaanza kukosa usingizi. Mwishowe nilimpigia Myron, na safari hii akapokea.

"Nionyeshe kila kitu," nikamwambia. "Benki, kodi, waliotaka kununua shamba. Nikishaona ndipo nitaamua. Ila usinitake niseme haidhuru."

Alikuja Winnipeg theluji ilipoanza kuyeyuka, akatandaza kila kitu mezani kwangu. Shamba lilikuwa salama. Gari la Charlene lilikuwa la mkopo. Tulipouza shamba kwa jirani, Myron alisema achukue pungufu, kufidia nyumba. Nilikubali sehemu tu ya alichotaka kukatwa, nyingine nikakataa. Hata hiyo sehemu iliwaudhi watu. Siku ya Pasaka shangazi Olha alinikaba mbele ya ukoo mzima.

"Ndugu wa damu unamkata fungu!"

"Shangazi, kajikata mwenyewe," nikasema. "Mimi nimekubali tu."

Myron alikuwepo. "Mwache, shangazi," akasema. "Anajua kila kitu, kuliko hata wewe."

Siku hizi amepindukia. Ananipigia kunieleza bei ya misumari. Nyumba ilipofika pa kubomolewa alipiga simu mapema. "Luba, tingatinga linakuja Jumanne. Unaweza kukataa."

"Sikatai. Nakuja."

Tulisimama kando ya barabara, kofia zimetufunika masikio. Ukuta wa jikoni ulipoanguka Myron alinishika mkono wa koti, akaushikilia mpaka vumbi likatulia. Kisha tukaenda kwake. Charlene alikuwa ameshapakua supu ya borshch, na tulikula wote watatu mpaka sufuria ikaisha.