Kifaranga, Funga Mlango

Jumamosi alasiri kibanda cha kutengeneza simu kilifungwa mapema, na mteja mwenye kioo kilichopasuka akajua la kufanya: arudi Jumatatu. Siku hiyo Fundi hakuwa na mjadala. Unaweza kumbembeleza, unaweza kumnunia, unaweza kumwambia simu ni ya bosi na bosi hana simile. Atakujibu, "Mama ananisubiri," na kufuli limeshabana.

Kusema kweli mama hakuwa akimsubiri. Mama hakumjua. Tangu ugonjwa wa kusahau umwingie, alikuwa amemhamisha binti yake kichwani kidogo kidogo, kwanza kazi yake, halafu umri wake, mwisho sura yenyewe. Asubuhi alimwuliza kwa adabu ametumwa na nani. Siku nyingine alimpa shikamoo. Mama mzazi, jamani, anampa bintiye shikamoo! Fundi alishindwa kuitikia, akakimbilia jikoni akafungua bomba ili maji yapige kelele, akalia weee mpaka akachoka.

Ila Jumamosi. Jumamosi palikuwa na katuni.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Zamani mama alikuwa dobi wa hospitali, anafua mashuka kwa zamu. Baba alishaondoka na hakuacha hata kofia. Siku moja hospitali ilitupa vitu vya chumba cha watoto wagonjwa, na mama akaokota deki na mikanda ya katuni moja ya Kijapani, ya chombo chekundu kinachopotea kati ya nyota. Ndani ya chombo kuna rubani mwanamke mwenye nywele fupi, kuna roboti lenye jicho moja, na kuna kioo ukutani ambamo kila kipindi hutokea mtoto wa kike, anamwangalia rubani, basi, hasemi kitu. Yote kwa Kijapani kitupu. Fundi, wakati huo mtoto, akauliza wanasemaje. Mama, aliyerudi kutoka zamu na vidole vimekunjamana kwa sabuni, akasema yeye Kijapani anakisikia vizuri sana.

"Umejifunzia wapi, mama?"

"Mimi nimefua mashuka ya wagonjwa wa kila lugha. Unadhani ziliishia wapi?"

Mtoto akaamini. Ungeamini na wewe.

Basi mama akawa anawasemea. Roboti la jicho moja alilipa jina la Msimamizi, kwa sababu msimamizi wake wa dobini naye alikuwa anaona upande mmoja tu, upande wa makosa ya wafanyakazi. Rubani akawa mama anayefanya kazi mbali. Na yule mtoto wa kwenye kioo akaitwa Kifaranga, jina ambalo mama alimwita binti yake mwenyewe nyumbani. Kila kipindi, rubani akikisogelea kile kioo na kuweka kiganja, mama alisema maneno yale yale, "Kifaranga, funga mlango, usimfungulie mtu. Nakuja." Ndiyo maneno aliyomwachia bintiye kila alipotoka kwenda zamu. Mtoto alifunga mlango kwa ndani, akakaa peke yake na hofu yake, akasubiri. Na mama alirudi. Kila mara alirudi.

Mtoto alipokua akagundua kwamba mama hajui hata neno moja la Kijapani. Walicheka siku hiyo mpaka mbavu zikawauma, mambo yakaisha.

Sasa, mama alipoanza kupotea, Fundi alitafuta ile katuni mtandaoni akaipata nzima, safi, kwa Kijapani kile kile. Aliiweka kwenye runinga kwa kujaribu tu, hana tegemeo. Muziki ukaanza, chombo chekundu kikapita, na mama, ambaye wiki nzima alikuwa hajamaliza hata sentensi moja, akajinyoosha kwenye kiti akasema, "Haya! Msimamizi huyo, ameamka na gubu lake." Akasema kipindi chote. Hakukosea pa kuingilia wala pa kunyamaza. Rubani alipokigusa kile kioo, mama akainua kiganja chake naye, akasema, "Kifaranga, funga mlango, usimfungulie mtu. Nakuja."

Fundi hakuwa amelisikia jina lake kinywani mwa mama kwa muda mrefu mno. Alikaa pale chini, kando ya kiti, mikono magotini, hata pumzi anaiogopa.

Kuanzia hapo ikawa kazi. Kila Jumamosi kipindi kimoja. Fundi anarekodi kwa simu, anakata kelele za majirani, anaweka mtandaoni uchambuzi wao: mama anasimulia, binti anachokoza, na mwishoni anauliza, "Mama, cha leo tukisemeje?" Mama anatoa hukumu. "Kimeiva." Au, "Kibichi hiki. Wakirudishe jikoni." Watu wakapenda. Wakaandika kwamba wamecheka, wamelia, wamewapigia mama zao simu. Sheria ya uchambuzi ilikuwa moja tu, nayo Fundi aliishika kama kiapo: hakuna kuchungulia. Kipindi hakitazamwi mpaka mama aketi. Vile vya zamani alivijua kwa moyo, lakini cha mwisho hawakuwahi kukiona, maana mkanda wake ulimezwa na deki siku ya kwanza na ukatoka umekuwa tambi.

Kati ya wasikilizaji alikuwepo mmoja aliyejiita Mkaguzi. Kila jamii ina mtu wake wa namna hii. Huyu alikuwa ameisoma katuni ile nje ndani, anajua nani aliichora na alikuwa anaumwa nini. Aliandika chini ya kila uchambuzi: "Hilo halisemwi." "Rubani hana mtoto." "Porojo." Mwanzoni Fundi alimtania, akamwambia aje afue mashuka kwanza. Wasikilizaji wakamzomea. Lakini Mkaguzi hakukata tamaa, na siku moja akaandika hivi: "Mama yako anaipenda katuni hii kuliko sisi sote, na hajawahi kuisikia. Kuna nakala imetiwa sauti za Kiswahili, nzuri sana. Mbona humpi hadithi ya kweli angalau mara moja kabla hajaondoka? Au unamtunza hivyo hivyo kwa ajili ya kuchekesha watu?"

Lilimwingia. Angeandika tusi Fundi angelifuta na kuendelea kuchomelea waya zake. Lakini lile neno "kuchekesha watu" alitembea nalo, akalala nalo, akaamka nalo. Je, ni kweli? Anamfanya mama yake kikaragosi? Akamweleza jirani yake Mama Mapacha, ambaye hukaa na mama mchana Fundi akiwa kibandani.

"Huyo Mkaguzi ana mama?" Mama Mapacha akauliza.

"Sijui."

"Basi mwulize hilo kwanza." Akaendelea kuchambua mchele.

Laiti angemsikiliza. Lakini Fundi alikuwa mtu wa ufundi, na mtu wa ufundi akiambiwa kitu hakifanyi kazi sawasawa hatulii. Alijiambia, hiki ni kipindi cha mwisho, mama hana maneno yake, atababaika mbele ya watu na kuona aibu. Kwa Kiswahili ataelewa. Itakuwa zawadi. Hivyo ndivyo alivyojidanganya, na alijidanganya kwa upendo, ambao ndio uongo mgumu kuliko wote kuukamata. Akaichukua nakala ya Mkaguzi. Na kwa kuwa sheria ni sheria, hakuchungulia.

Jumamosi ikafika. Alimwogesha mama, akampaka mafuta, akamvalisha gauni la maua, akamketisha. Akasema kwenye simu, "Wapendwa, leo ndiyo mwisho wa safari, na leo mama atapumzika, watasema wenyewe." Akabonyeza.

Muziki ule ule. Chombo chekundu kikapita. Mama akajinyoosha, akafungua mdomo, "Haya! Msimamizi huyo—"

Na Msimamizi akasema mwenyewe. Kwa Kiswahili, sauti nene ya mwanamume mgeni, "Rubani, mafuta yamebaki kidogo."

Mama akafumba mdomo.

Akaangalia runinga, akaangalia upande wa Fundi, akaangalia tena runinga. Alikuwa na uso wa mtu aliyerudi kwake akakuta wapangaji. Akajaribu tena rubani alipotokea, lakini rubani naye alikuwa na sauti yake, laini, ya msichana mdogo, wakagongana. Mama akaiacha sentensi katikati. Akaweka mikono mapajani. Akawa anasikiliza.

Fundi aliona. Usiseme hakuona. Mkono wake ulikuwa juu ya rimoti, na moyo ulimwambia zima, zima sasa hivi. Lakini akafikiri, ngoja, ameshika, anaelewa, ndicho tulichotaka. Akangoja.

Rubani akakisogelea kile kioo. Mtoto alikuwa pale, anamwangalia kama siku zote. Rubani akaweka kiganja, mama naye akainua chake nusu njia. Na ile sauti laini ikasema, kwa Kiswahili safi kisicho na doa:

"Huyu si mwanangu. Mimi sina mtoto. Sijawahi kuwa naye. Ni picha tu, chombo kilinichorea nisiwe na wazimu."

Akabonyeza kitu ukutani. Kioo kikawa cheusi.

Kiganja cha mama kikabaki hewani, halafu kikashuka. Katuni ikaendelea mpaka mwisho, majina yakapita, muziki ukaisha. Simu ilikuwa bado inarekodi.

"Mama," Fundi akasema, "cha leo tukisemeje?"

Mama hakusema kimeiva, hakusema kibichi. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari aliyokuwa akiishuku siku nyingi.

Jumamosi iliyofuata Fundi alirudisha nakala ya Kijapani. Akaanza na kipindi cha kwanza kabisa, kile ambacho mama angeweza kukisema usingizini. Muziki, chombo chekundu, roboti. Mama kimya. Rubani akagusa kioo. Mama kimya. Fundi akapiga moyo konde akaanza kusema yeye, mahali pa mama, kwa maneno ya mama, na machozi yanamwingia mdomoni: "Haya, Msimamizi huyo, ameamka na gubu lake. Kifaranga, funga mlango, usimfungulie mtu. Nakuja."

Mama akamgeukia. Uso ulikuwa na huruma nyingi.

"Huyo mtoto hayupo," akasema. "Walimzima."

"Yupo, mama. Ni mimi. Mimi ndiye Kifaranga."

Mama akamshika mkono, akaupapasa, kama anavyoshikwa mkono mfiwa.

"Pole, dada," akasema. "Mimi sina mtoto."

Fundi hakukubali. Alikuwa na akiba moja. Akachukua simu akafungua uchambuzi wa zamani, ule watu walioupenda kuliko mwingine wowote, akaongeza sauti mpaka mwisho. Chumba kikajaa mama: mama anacheka, mama anamsema Msimamizi, mama anasema Kifaranga, funga mlango. Mama akasikiliza sauti yake mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa. Alisikiliza kwa makini. Halafu akakunja uso.

"Huyu mama muongo," akasema. "Mzime."

Fundi akamzima. Angefanyaje? Aliwahi kufufua simu zilizotumbukia chooni, zilizokanyagwa na malori, na hapa hakujua hata pa kuweka bisibisi.

Chini ya uchambuzi wa mwisho, ule aliouweka mtandaoni kabla hajajua alichokifanya, Mkaguzi alikuwa ameandika: "Hongera. Sasa ndiyo sahihi."

Mama hakuisemea tena katuni. Alikula, alilala, aliketi akaangalia ukuta pale runinga ilipokuwa, maana Fundi aliiondoa. Jumamosi kibanda hakikufungwa mapema tena, na wateja wakafurahi, wakasema afadhali dada amekuwa mtu wa biashara. Jumatatu moja Fundi alikuwa anatoka, Mama Mapacha bado hajafika, na kwa mazoea ya mdomo tu akasema kutoka mlangoni, "Mama, funga mlango, usimfungulie mtu. Nakuja."

Akasimama nje, sikio mlangoni. Alisikia viatu vya mama vikiburuzwa sakafuni, vinakuja. Vikafika. Fundi akaweka kiganja juu ya ubao.

"Nani wewe?" mama akauliza kutoka ndani.

Fundi akamwambia. Akamwambia tena, kwa sauti ya juu, majirani wakasikia. Kitasa kikazunguka, komeo likaingia, na viatu vikarudi vilikotoka.

Jioni aliporudi, mama hakumfungulia.