Upole wa Bwana Mkubwa

Jina lake halisi watu walishalisahau. Kwenye kituo cha kulelea watoto alikofanya kazi, kuanzia msimamizi hadi mpishi, walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake: taratibu na kikombe, taratibu na mwenzako, taratibu, utafika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mlezi wa chumba cha wachanga, wale wasiozidi miaka mitatu, na sijaona mtu aliyeijua kazi ile kama yeye. Kabla ya kumnyanyua mtoto hupiga magoti mbele yake amwambie, "Nakubeba sasa," na kitoto cha miezi mitano humwinulia mikono kama mtu aliyeombwa ruhusa. Kilio cha njaa, cha usingizi na cha nepi iliyolowa alivitofautisha akiwa ukumbini, mlango umefungwa.

Halafu ikaja amri ya serikali. Mwaka ukiisha, asiye na cheti cha ulezi wa watoto wachanga asikae tena na watoto. Aende kufua au aende jikoni. Taratibu, aliyeishia darasa la saba na mwenye miaka hamsini na mmoja, akanunua daftari na kalamu, akaanza kwenda chuoni kila Jumamosi kukaa na mabinti wa umri wa wanawe. Mpishi alimtania kwamba watu wa rika lake hawaanzi shule, wanastaafu. Alicheka, akaenda. Mtu wa namna hiyo ukimvulia kofia hujakosea.

Mitihani ya kuandika aliifaulu kwa jasho. Ikabaki kazi moja ya mwisho: kumfuatilia mtoto mmoja kwa wiki tatu, kuandika mwenendo wake, na mwishoni mzazi atie saini kukubali yaliyoandikwa. Bila saini faili halipokelewi, na bila faili hakuna cheti.

Akamchagua Bwana Mkubwa, mtoto wa miezi kumi na minne, mwana wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Jina hilo la utani alipewa papo hapo kituoni, maana ukimwita hajisumbui kugeuka, kama bosi anayesubiri uende mezani kwake. Hakuwa na makuu wala kelele. Wote walimpenda, na wote walimcheka kwa huo ubosi wake. Taratibu mwenyewe alicheka, tena sana.

Wiki ya kwanza aliandika: "Ni mtoto mpole." Mwalimu wa chuo, mwanamke mkavu asiyetoa sifa ovyo, alilipigia neno "mpole" mstari mwekundu, akamuuliza, "Huo upole umeuonaje? Una rangi gani?" Darasa zima likacheka. Akamwambia aandike kile jicho lilichoona tu. Hukumu aiache nyumbani.

Taratibu alirudi amenuna. Miaka ishirini na miwili, leo anaambiwa hajui kutazama! Lakini Jumatatu alikaa kwenye kona na daftari lake, akamtazama mtoto yule aliyemlea miezi minane kama ndiyo kwanza anamwona. Mfuniko wa sufuria ulianguka nyuma ya watoto. Watano walishtuka, mmoja akaangua kilio. Bwana Mkubwa aliendelea kupanga vikombe vyake. Akaandika. Jumanne alimwita mara tatu kutoka nyuma, hakugeuka. Alipozunguka mbele, mtoto alitabasamu hadi ufizi ukaonekana. Akaandika. Kufikia Ijumaa ya wiki ya tatu kurasa zilikuwa zinasema jambo ambalo yeye, pamoja na uzoefu wake wote, alilifanyia mzaha. Aliona haya, na bado aliendelea kuandika. Hapo ndipo ninapompendea.

Jioni hiyo hiyo, fundi cherehani alipokuja kumchukua mwanawe, Taratibu alimketisha pembeni, akamsomea kurasa zote kwa sauti ya chini, kisha akamwomba ampeleke mtoto hospitali akapimwe masikio. Fundi alisikiliza huku ameukumbatia mfuko wa nepi. Alisema mwanawe kalelewa chini ya cherehani. Kazoea kelele, ndiyo maana hashtuki. Taratibu alipomjibu kwamba hata akiitwa kwa jina hageuki, fundi alisimama.

"Wewe yaya unataka cheti," alisema. "Kipate kwa mgongo wa mtoto mwingine, si wangu."

Akambeba mwanawe, akaondoka. Jumatatu mtoto hakuja. Jumanne wala Jumatano hakuja. Faili lilitakiwa chuoni Ijumaa saa kumi.

Msimamizi, ambaye hakutaka kumpoteza mlezi wake bora, alimpa ushauri wa kiutu uzima. Aziondoe kurasa zile mbili tatu zenye maneno, aandike kwamba mtoto anacheza vizuri na ana afya, na fundi atasaini mbio mbio. Cheti kikishatoka, mambo ya masikio watayazungumza kwa nafasi. Sitasema Taratibu hakushawishika. Alikaa chini akaandika ukurasa safi, mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. Akausoma. Akauchana.

"Nikipeleka huu," alimwambia msimamizi, "watanipa cheti cha kutoona."

Ijumaa asubuhi alianza kumwelekeza binti aliyekuwa apokee chumba chake: nani hulala kwa kupapaswa mgongo, nani hanywi maziwa yakipoa. Alieleza bila kulia, ila alieleza haraka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Saa nane mchana fundi cherehani aliingia na mtoto mgongoni, macho yamemvimba.

"Mama, nilikukosea adabu. Nisamehe."

"Yamepita, mwanangu. Kaa."

"Jana wamempima. Sikio la kulia halisikii kabisa. La kushoto linasikia kidogo." Akanyoosha mkono. "Lete hilo faili."

Mwishoni mwa faili kuna nafasi imeandikwa "Aliyoyaona mzazi," ambayo wazazi wengi hupiga kistari tu wakaenda zao. Fundi hakupiga kistari. Aliinama, akaandika hadi akaipita mistari iliyokuwepo: "Akiwa na miezi minne nilipiga makofi nyuma yake. Hakushtuka. Nikapiga tena. Tangu siku ile nawaambia watu kazoea cherehani." Chini yake akatia saini.

Taratibu alisoma hadi mwisho. Faili lilikuwa limetimia. Kilichobaki ni kulibeba na kwenda, na kusubiri cheti chake. Badala yake alichukua kalamu, akakaa kwenye mkeka ubavuni mwa fundi, na chini ya saini ile akaongeza kwa mwandiko wake wa darasa la saba: "Mimi mlezi wake nilimwita Bwana Mkubwa kwa sababu hageuki akiitwa. Nilicheka miezi minane."

Akalipeleka hivyo hivyo.