Mkono Kwenye Prufu

Vasemaca alikuwa mtu wa kuapa kwa prufu. Mteja akija dukani kwetu hapa Suva akilalamika kwamba rangi ya bango lake si ile aliyoiona kwenye simu, Vasemaca humvutia kiti, humgeuzia skrini na kumwambia, "Simu yako inakuambia unachotaka, baba. Hii inakuambia utakachopata."

Na kweli. Mashine yetu ya kuchapa inaongozwa na kompyuta iliyosimama ubavuni mwake. Hiyo ndiyo inayolimeza faili na kuligeuza kuwa vitone vya wino, na kabla karatasi hata moja haijapita, inatuonyesha kwenye skrini kila ukurasa utakavyotoka, na hiyo ndiyo prufu. Mimi kazi yangu ni kukata na kujalidi, lakini meza yangu imepakana na ya Vasemaca kwa miaka, na sikuwahi kuona prufu ikisema hili na karatasi ikasema lile.

Ndiyo maana aliponiita mchana ule kwa sauti ya chini, "Dharmen, hebu njoo," niliacha kisu cha mashine kikiwa juu nikaenda.

Kazi ilikuwa kitabu cha kanisa la Nadrokete, kijiji cha kule kisiwani Kadavu, waliokuwa wakiadhimisha miaka mia ya kanisa lao. Katikati palikuwa na picha ya zamani iliyojaza ukurasa mzima: watu wote wa kijiji mbele ya kanisa, wamevaa nyeupe za Jumapili, watoto wamekaa mbele juu ya mkeka. Mtoto wa mwisho, mvulana, aligeuza kichwa wakati kamera inabofya, kwa hiyo uso wake ulikuwa ukungu mtupu.

"Mwangalie huyo wa nyuma yake," Vasemaca alisema.

Nyuma ya mvulana aliinama msichana wa miaka kama kumi. Hakuvaa nyeupe. Alivaa gauni la maua lililochakaa, na mkono wake ulikuwa juu ya bega la yule mvulana.

"Ana nini?" nikauliza. "Kakosa nguo ya Jumapili tu."

Alifungua faili lenyewe la mteja kwenye kompyuta yake nyingine. Picha ilikuwa ileile, kanisa lilelile, mvulana yuleyule mwenye uso wa ukungu. Nyuma yake palikuwa na nyasi.

Nilicheka kidogo, kwa sababu nilidhani najua. Wabunifu wana tabia ya kuficha kitu kwa kukifunika na kipande cheupe, halafu kompyuta ya mashine ikakipuuza kile kipande na kuanika kilichofichwa. Yalishatukuta. Tuliwahi kuona jina la mchumba wa zamani likichungulia kwenye kadi ya harusi.

"Nimeshafunua kila kitu," alisema Vasemaca. "Chini ya picha hakuna picha nyingine. Nyasi tu."

Akaifuta ile kazi kwenye kompyuta ya mashine, akailisha faili upya. Tukasubiri huku mvua ikilipiga bati. Prufu ilipofunguka, msichana alikuwepo. Lakini mkono ulikuwa umetoka begani. Sasa alikuwa amemshika mvulana kifundo cha mkono, na mvulana alikuwa nusu ameinuka kutoka mkekani, kama mtu anayevutwa taratibu na hataki kuwasumbua wenzake.

Vasemaca aliondoa mkono wake kwenye kipanya akauficha mapajani.

Anti Rukmani, mwenye duka, alitoka ofisini kutuuliza kwa nini mashine imenyamaza. Tulimweleza. Si mtu wa kuamini mambo haya. Alivaa miwani, akaipangusa skrini kwa ncha ya sari yake, akainama hadi pua ikakaribia kioo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko tulivyotegemea.

"Huyu mtoto ana homa," alisema hatimaye. "Nywele zimemganda kwenye paji la uso. Mmeona?"

Hatukuwa tumeona. Tuliona sasa.

"Msiilishe tena," akasema. "Mpigieni mwenye kazi."

Mwenye kazi alikuwa mzee Apisai, katibu wa kamati ya kanisa, fundi mstaafu wa injini za boti aliyehamia kwa binti yake huku Suva. Watu wa kwao na watu wa kwa kina Vasemaca ni watani tangu mababu, na kila alipoingia dukani hawakuachana salama. Alifika akikung'uta mwavuli, kwapani amebeba bahasha ya plastiki yenye picha halisi.

"Mmeshindwa kazi sasa mnaniita," alisema. "Nilijua. Watu wa kwenu mkishika kitu kisicho nyama ya kopo, mikono inatetemeka."

Siku nyingine Vasemaca angemjibu kwamba watu wa Kadavu walijenga kanisa ili wapate pa kulia karamu. Leo alisema tu, "Keti, mzee."

Apisai alimtazama, akanitazama mimi, akaketi. Vasemaca akamgeuzia skrini.

Hakushtuka. Alisogea mbele kidogo na mdomo wake ukaachama. Kisha aliunyoosha mkono wake wa kulia akalishika bega lake la kushoto, akabaki hivyo.

"Nani kawapa picha yake?" aliuliza.

"Hakuna aliyetupa, mzee. Faili lako ndilo hilo. Kwenye faili hayumo."

"Hawezi kuwemo. Makelesi hana picha. Hakuna picha yake hata moja duniani."

Akatusimulia, macho hayatoki kwenye kioo. Makelesi alikuwa dada yake mkubwa. Mpiga picha wa misheni alipokuja kwa boti, kijiji kizima kilivaa, lakini Makelesi alikuwa amelala kwa surua. Alilia akitaka kutoka. Mama yao akamwambia atulie, mpiga picha atarudi na yeye atapigwa peke yake. Hakurudi. Wakati watu wanapangwa mbele ya kanisa, Makelesi alikuwa ameshakata roho ndani ya nyumba, na mlangoni hapakuwa na mtu. Walimkuta baada ya picha.

"Huyo mtoto wa ukungu ni mimi," alisema Apisai. "Maisha yangu yote wananicheka. Apisai aliyeharibu picha, Apisai asiyeweza kutulia. Niliwaambia kuna mtu kanishika bega. Mama alinipiga kofi, akaniambia nisilirudie neno hilo. Sikulirudia."

Anti Rukmani alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Aliingia ndani akarudi na kikombe cha chai, akakiweka mbele ya mzee. Hakukigusa.

"Hapa ananivuta," alisema.

"Ya kwanza alikuwa amekushika bega tu," Vasemaca akamjibu kwa shida. "Ndiyo maana tukaacha. Mimi naona tuitoe hii picha. Kitabu kitatosha bila hiyo."

"Irudie."

"Mzee, hapana."

"Irudie, mtani wangu. Nataka nizungumze naye kabla hujaibonyeza."

"Na kama safari hii wewe hupo kwenye mkeka?"

"Basi utakuwa umeona kabla yangu, na utanicheka," alisema. Lakini sauti haikuwa ya utani.

Vasemaca alimtazama Anti. Anti akainua kichwa kidogo, maana yake fanya.

Apisai alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni na miguu ameikunja kama mtu aliye mbele ya wakubwa. Alipiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale mazito ya polepole wanayopiga kwao wakiomba jambo. Kisha akasema kwa lugha yao. Mimi naisikia vya kutosha.

"Dada. Mama hakukusudia. Tulikusahau kwa sababu ya mgeni na kamera yake, na hilo ni kosa letu. Lakini mimi siji sasa. Nina wajukuu. Nitakuja siku yangu ikifika, bila kuvutwa. Wewe keti. Pana nafasi hapo mkekani, karibu yangu. Keti, mpiga picha yupo."

Akapiga makofi tena, akamwashiria Vasemaca.

Vasemaca akabonyeza kipanya. Kompyuta ilianza kumeza faili, na ule mstari wa kuhesabu ukatambaa kama konokono. Nakumbuka mvua ilikatika wakati huo na nikatamani isikatike, kwa maana tulisikia pumzi zetu. Halafu, sijui niseme vipi, nilisikia na nyingine, fupi fupi, kama ya mtoto aliyekimbia. Sikumuuliza mtu. Baadaye Vasemaca aliniambia yeye alidhani ni mimi.

Prufu ikafunguka.

Makelesi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwisho wa safu, magoti yamebana na mikono mapajani. Gauni lilikuwa lile la maua, lakini nywele zilikuwa zimechanwa. Alitazama kamera moja kwa moja, kwa uso mzito wa watoto wa picha za kale. Pembeni yake kaka yake alikuwa amekaa kama kwenye faili, uso wa ukungu ukimwelekea yeye.

Apisai aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akalia, bila kelele, na Vasemaca akashuka sakafuni akakaa naye.

"Chapa hivyo hivyo," alisema aliponyanyuka. "Mchungaji nitaongea naye mimi."

Tulichapa. Karatasi zilitoka kama prufu ilivyosema. Nilizikata na kuzijalidi mwenyewe, na ule ukurasa niliupitisha nikiwa nimeutazama kwa pembe ya jicho tu.

Miezi ikapita kabla Apisai hajarudi, amebeba kikapu cha viazi dalo vya sherehe na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Alimwambia Vasemaca amewaletea watu wa kwao chakula halisi ili wapumzishe makopo. Vasemaca akamjibu kwamba samaki huyu bila shaka alikufa kwa kuchoshwa na nyimbo za watu wa Kadavu. Tulifurahi kuwasikia tena.

Anti alimuuliza kijiji kilionaje.

"Bibi vizee walimtambua kabla sijafungua mdomo," alisema. "Walimwita jina. Siku ya sherehe wakatandika mkeka mmoja zaidi kanisani, hakuna aliyeukalia." Akasugua bega lake bila kujua. "Ila kuna jambo. Nilikwenda kumwamkia binamu yangu, kitabu chake kikawa wazi mezani. Kwenye kile chake, Makelesi amesimama."

Nilimwambia haiwezekani. Vyote vilitoka kwenye prufu moja, rundo moja, vimepita mikononi mwangu.

"Najua," alisema.

"Amesimama wapi?" Vasemaca akauliza.

"Nyuma ya mama yetu."

Nje basi lilipita likirusha maji ya barabarani kwenye kioo chetu.

"Na kwenye chako?" Anti aliuliza.

"Kwenye changu ameketi. Ninakitazama kila asubuhi, ameketi."

"Na vya watu wengine?"

Mzee Apisai aliinua mwavuli wake, akautazama kama una tundu.

"Sijawauliza, mama," alisema. "Na wao hawajaniambia."