Kuponi ya Kuhamisha Dawa

Watu hapa bondeni husema mimi ni bahili, na mimi sikatai. Kiwanda cha chuma kilipomwachisha kazi mume wangu Stan, akiwa na miaka hamsini na minane na moyo unaodunda ovyo ovyo, ilibidi mtu mmoja nyumbani awe bahili. Asingekuwa Stan. Stan angemnunulia bia hata mtu aliyemwibia gari. Basi nikawa mimi.

Kila Jumapili baada ya misa nilinunua magazeti manne, wala si kwa sababu ya habari. Nilikaa mezani jikoni na mkasi wangu nikikata kuponi za punguzo la bei, nikizipanga kwenye faili lenye mifuko ya plastiki: supu za kopo, tambi, sabuni, karatasi za chooni, na chakula cha paka, ingawa paka hatuna. Jumatatu na Jumanne niliandika orodha kwa kufuata mpangilio wa rafu, ili nisirudi nyuma hata hatua moja. Jumatano, siku ambayo supamaketi yetu huhesabu thamani ya kila kuponi mara mbili, tulitoka. Stan aliendesha, mimi niliongoza njia. Niliipanga ili tusikate kona kushoto hata mara moja, maana huku kwetu magari hupita kulia, na kusubiri yapite ni kuchoma petroli bure.

"Arlene," Stan alikuwa akiniambia, akishusha mifuko kwenye chumba cha chini, "dawa ya meno tuliyo nayo humu itatutosha mpaka meno yaishe."

"Wewe beba tu. Ukipata kazi utaninunulia ya bei ghali."

Kazi hakuipata, na wote wawili tulijua hataipata.

Sasa kuponi tamu kuliko zote haikuwa ya chakula. Mjini kwetu kulikuwa na maduka matatu makubwa ya dawa, yanagombania wateja kama wapiga debe, na kila moja lilikuwa na kuponi yake gazetini: hamishia kwetu dawa unayotumia, tukupe kadi ya dola ishirini na tano, ununue chochote dukani. Stan alikuwa na dawa nne: ya presha, ya mafuta kwenye damu, ya kibofu, na ile ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo wake. Mtu asiye na akili angezihamisha zote siku moja na kupewa kadi moja. Mimi nilizihamisha mojamoja. Mwezi huu ya presha inatoka la kwanza kwenda la pili, mwezi ujao ya kibofu inatoka la pili kwenda la tatu, kisha tunazunguka upya. Kwa kadi hizo nilinunua maziwa, mayai na mkate kwa miaka miwili. Nilijiona mjanja, na kusema kweli nilikuwa mjanja.

Mzee Gentile, aliyekuwa na kaduka kake ka dawa mtaani kwetu na aliyetuhudumia tangu tuoane, ndiye mtu wa pekee aliyenisema. Nilikwenda kuchukua karatasi za dawa ya mwisho iliyobaki kwake.

"Arlene, hizi si supu za kopo," alisema. "Inatakiwa mtu mmoja azione zote kwa pamoja."

"Basi nipe kadi na wewe, Mzee Gentile, nitabaki kwako."

Hakucheka. Alinipa karatasi zangu, akageuka kupanga rafu. Nilitoka nikimnung'unikia, nikasema moyoni kwamba anaona wivu kwa sababu maduka makubwa yanamla.

Februari Stan akashikwa na homa, mkojo unamuunguza. Ilikuwa Jumatano, tena Jumatano nzuri: kahawa ilikuwa karibu bure. Tulipita kwenye kliniki isiyohitaji miadi. Stan aliingia peke yake kwa daktari, mimi nikabaki kwenye viti nikipanga kuponi upya, kwa kuwa ratiba ilikuwa imevurugika. Alitoka na karatasi mkononi, uso umemwiva.

"Kaniuliza natumia dawa gani," alisema. "Nikamwambia za moyo, za nini, majina anayo mke wangu. Kasema usijali, wa dukani ataangalia kwenye kompyuta."

Nilimsikia vizuri. Naomba hilo lieleweke. Sikuwa usingizini wala sikuwa naongea na mtu mwingine.

Nilimpeleka duka la tatu, maana kuponi yao ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo, na mwezi huo hatukuwa na dawa hata moja kwao. Safari hii dawa mpya nayo ilihesabiwa. Stan alibaki garini, kichwa ameegemeza kwenye kioo. Nyuma ya kaunta alikuwepo binti mmoja, kibao kifuani kimeandikwa Jolene. Alichukua karatasi, akagonga kompyuta, akanitazama.

"Ana dawa nyingine anazotumia, mama? Labda za duka jingine?"

Nilijua zote nne kwa majina na kwa miligramu. Lakini nilijua pia kitakachofuata nikizitaja. Angepiga simu kwenye yale maduka mengine, angeomba kila kitu kiletwe kwake kwa mpigo, na kadi nne zingegeuka moja. Ya damu nilikuwa nimeiwekea kuponi ya Machi.

"Hapana," nikasema.

"Hakuna kabisa? Na miaka sitini na mmoja?"

"Mume wangu ni mzima wa afya."

Alinitazama kidogo, akaandika. Akanipa vidonge na kadi. Nikarudi garini nimefurahi, nikamwonyesha Stan ile kadi, naye akaipiga busu kunichekesha.

Homa iliondoka baada ya siku mbili. Jumapili pua yake ikatoka damu kanisani, tukasema ni ubaridi. Jumatatu nikaona mkono wake una alama nyeusi kutoka kiwiko hadi bega. Akasema amejigonga kwenye friji. Jumanne asubuhi nilikuwa naandika orodha aliposimama mlangoni mwa jikoni, amejishika paji la uso.

"Arlene, kichwa," alisema, kisha akatapika, akaanguka.

Hospitalini daktari aliniuliza anatumia nini. Nilimwaga mkoba wangu juu ya kitanda, chupa tano, lebo za maduka matatu. Daktari alizitazama, akachukua mbili akaziweka pamoja kwenye kiganja chake. Akasema hii ya maambukizi huipa nguvu ile ya damu, mpaka damu isigande kabisa, na sasa inavuja kichwani. Akauliza ni nani aliyempa zote mbili. Nilimwambia sijui.

Binti yetu Denise alifika mchana kutoka Columbus, koti bado amelivaa. Ni mtoto wa hasira, amenirithi mimi. Stan alikuwa ameamka, upande mmoja wa mdomo umelegea.

"Mtu atafukuzwa kazi kwa hili," Denise alisema. "Nitampeleka mahakamani. Mama, yule wa dukani hakuuliza? Hakuuliza kabisa?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema, naapa nilitaka. Nilimfikiria yule Jolene. Kisha nikaona aibu yangu mwenyewe, nikainama kumnyooshea Stan shuka.

"Aliniuliza mimi," Stan akasema, polepole, neno kwa neno. "Mimi nikamwambia sina."

"Baba, kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka kulala. Mjinga tu mimi, Denise. Mwache yule binti."

Alikuwa akimtazama Denise, wala hakunitazama. Lakini mkono wake uliobaki na nguvu uliutafuta wangu chini ya shuka, ukaubana. Nikauacha ubanwe.

Siku ya Alhamisi, saa saba mchana, mume wangu akafa.

Baada ya maziko wanawake wa kanisa waliandaa chakula ukumbini, nyama ya nguruwe na majani ya kabeji yaliyoviringishiwa nyama. Denise alisimama karibu na meza, macho yamevimba, akiwaeleza majirani. Alisema baba yake alikuwa mkaidi tangu zamani, alidharau madaktari, na kama angefungua mdomo na kusema neno moja tu pale dukani leo angekuwa hai. Watu walitikisa vichwa. Mmoja alisema wanaume wetu wote wa kiwandani ndivyo walivyo. Mzee Gentile alikuwepo, ameshika sahani, akinitazama mimi.

Denise alikuja akanikumbatia.

"Usijilaumu, Mama. Wewe ndiye uliyekuwa makini. Yeye ndiye hakuwa."

"Ndivyo alivyokuwa baba yako," nikasema. Kisha nikamwambia ale, kabla chakula hakijapoa.