Betri ya Chumba cha Kinda

"Basi itoe hiyo betri sasa hivi, nikiona," nilimwambia mume wangu. "Habari ya kesho nimeichoka."

"Sasa hivi jua linawaka, Mama Kinda. Ndiyo saa ya kuchaji. Nikiitoa, usiku tutakaa gizani kama popo."

"Popo hawaungui."

Alicheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa Jumamosi mchana, tumesimama sebuleni, na ugomvi ule tulikuwa tumelala nao na kuamka nao siku kadhaa.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta. Laptopu zikifa kazini kwao hazitupwi. Anafungua betri zake, anachambua seli ambazo bado zina uhai, anaziunganisha kwa risasi ya kulehemu, kisha anazifungia kwenye boksi la plastiki. Boksi letu lilikuwa na ukubwa wa mkate. Lilikaa chini ya kitanda cha binti yetu kwa sababu paneli ya sola ilifungwa kwenye nondo za dirisha la chumba chake, na waya haukufika mbali zaidi ya hapo. Liliwasha taa, lilizungusha feni, lilichaji simu zote za nyumbani.

Sola sikuipinga. Sisi ni watu wa kubana matumizi na sioni haya. Maji tuliyofulia ndiyo yanayosafisha choo, na nguo ya Kinda ikimbana inageuzwa kuwa foronya. Nisingeweza kuishi katika jiji hili kwa mshahara wangu kama ningekuwa natupa vitu. Nilichokipinga ni kile nilichokigusa nilipokuwa nafagia: boksi lilikuwa la vuguvugu, na mfuniko wake umeanza kutuna. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Kazini kwetu kopo lililotuna halivuki mlango wa stoo, hata aliyelileta apige magoti. Tangu siku ile usingizi ulinipaa. Nilikuwa nalala nikiwaza nyumba yetu ilivyo: ghorofa ya tatu, mlango mmoja, kila dirisha lina nondo, na mtoto chumba cha ndani kabisa.

"Plastiki ikipigwa na jua hutuna kidogo," mume wangu akasema. "Ni kawaida."

"Chini ya kitanda kuna jua?"

Akavuta pumzi kama mtu anayemvumilia mteja mkorofi. "Twende. Nitaishika kwa mkono wangu mwenyewe, uone kama nitaungua."

Tukaingia taratibu, maana Kinda alikuwa amelala, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Mume wangu akapiga magoti, akachungulia uvunguni. Akavuta ndala, akavuta mdoli asiye na kichwa. Akainua uso.

"Umeitupa," akaninong'oneza.

"Ningekuwa nimeitupa, ningekuwa nagombana na wewe saa hizi? Ningekuwa nimelala."

Tukatazamana. Boksi halikuwepo, lakini waya ulikuwepo. Ulitoka dirishani, ukashuka ukutani, ukapotelea nyuma ya kabati, pale kwenye uwazi kati ya kabati na mto wa mtoto. Na chumbani kulikuwa na harufu. Tamu, kali kidogo, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha.

"Kinda kachezea rangi zako?" aliuliza.

"Mimi nina kucha za kupaka rangi?"

Hapo ndipo alipojua ni betri inayovuja, na sura yake ikabadilika. Nimemwona huyu mwanaume akiwa na malaria, nimemwona siku aliyomzika baba yake, lakini sura ile sikuwahi kuiona.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alitokea mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Mnatafuta lile dude lenu? Nimeliweka pazuri."

"Wapi, Mama?" nilimuuliza.

"Humo kwenye kapu langu, nyuma ya kabati. Kila siku nasikia kelele, limekaa chini ya mtoto, limekaa chini ya mtoto. Leo alfajiri nikasema ngoja nilihamishe, watu wapumzike. Nimelifunika na mto wa kapu lisipate vumbi. Waya sikuuchomoa, najua mnataka chaji."

Kapu lenyewe ni kapu la joto. Analishona mwenyewe kwa masweta yaliyochakaa na vipande vya sponji, na nusu ya jengo letu wanalo. Maharage yakishachemka, unaitoa sufuria jikoni, unaitumbukiza humo, unafunika kwa mto mnene na kwenda zako. Joto halina pa kutokea, na jioni unayakuta yameiva. Hakuna kitu nyumbani kwetu kilichotuokolea gesi kama kapu lile. Na ndani yake, tangu jua lilipochomoza, betri mbovu ilikuwa inachajiwa.

Mume wangu akasukuma kabati kwa bega, akachomoa waya, akagusa mto wa kapu. Akautoa mkono haraka. Humo ndani kitu kilikuwa kinafoka polepole, kama birika linapotafuta kuchemka.

"Mama, mchukue Kinda," nikasema. "Shukeni chini, mpaka nje ya geti. Msirudi."

"Kwani nimefanya nini, wanangu?"

"Hukukosea kitu, Mama. Mchukue mtoto."

Akambeba. Kinda aliamka analia, anadai ndala zake. Nilisikia kilio kikishuka ngazi, kikawa chembamba, na kila kilivyopungua nikaweza kupumua kidogo.

Mume wangu alikuwa ameshatoa koleo mfukoni. "Nipe nafasi kidogo. Iliyoharibika ni seli moja tu. Nikiikata, hizi nyingine zitapona."

"Ukifungua inaweza kulipuka?"

Akageuza koleo mkononi.

"Nijibu."

"Inaweza."

"Na tukiiacha hapo?"

"Itawaka." Jasho lilikuwa linamtiririka puani. "Hiyo itawaka tu, mke wangu. Sijui lini."

Maji yalikuwa yamekatika tangu jana, na yaliyobaki ndooni hayangezima hata njiti. Nilitazama godoro la sponji, pazia, kabati la mbao. Nyuma ya ukuta ule anakaa muuguzi mwenye mtoto mchanga, na saa zile hulala kwa sababu huingia zamu ya usiku. Nilitaka kukimbia, na miguu ilikuwa tayari.

"Mwenye nyumba kamwaga mchanga pale nyuma," nikasema. "Nalishusha kapu huko."

"Nitabeba mimi."

"Wewe utasimama kwenye ngazi ulifungue. Tangulia, fungua milango, watoe watu njiani. Mwamshe muuguzi."

Nikashika mikono ya kapu, nikainua. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia, na hilo likanitisha zaidi. Nililishika mbali na mwili, nikageuza uso pembeni nisivute ile harufu. Mbele yangu mume wangu alikuwa anapiga milango kwa ngumi na kupaza sauti, tokeni, tokeni nje.

Ghorofa ya pili fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye ngazi anapunga upepo. Akaliona kapu, akatabasamu. "Jirani, leo umetukumbuka. Ni maharage?"

"Pisha."

"Hata salamu..."

"Pisha, mwanamke, ni moto huu!"

Moshi ulikuwa umeanza kupenya kwenye mshono, mweupe, mzito. Akauona. Akajibana ukutani mpaka nikadhani ataingia ndani ya saruji. Joto lilikuwa limeshafika kwenye mikono ya kapu. Kila ngazi niliiambia miguu yangu, nyingine, nyingine, usijikwae. Uani watoto walikuwa wanacheza mpira, mume wangu akawafukuza kama kuku.

Nilipofika kwenye mchanga sikuliweka chini. Nililirusha, nikarudi nyuma kwa kasi mpaka nikaangukia makalio. Kapu lilitua kwa ubavu, mto ukafunguka, na moto ukaruka kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Seli zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine.

Mume wangu akapiga hatua kuelekea kule, koleo bado mkononi. Nikamkamata shati.

"Iache."

Akaiacha. Akatupa koleo chini, akaokota karai la mafundi, nami nikachukua sepetu. Tukasimama upande unakotoka upepo, tukaanza kurusha mchanga juu ya moto.