Harufu Isiyo na Chupa

Jumatatu, saa mbili ya asubuhi, mu soko la Kasongo, Mama Léocadie alipanga chupa zake kumi na mbili ku sahani ya bati, ndogo mbele, kubwa nyuma, akafuta kila moja vumbi. Yalikuwa mafuta ya kunukia: udi, miski, waridi, yasmini, na mengine ambayo majina yake yalifutika njiani kati ya Uvira na Kabambare, kwa jasho la wenye kuyaleta.

Mama Léocadie hakukubali mutu anuse chupa. Alisema chupa inanukia namna moja kwa watu wote, kwa hiyo kuinusa ni kupoteza wakati. Alikuwa anachovya kijiti cha ufagio, anapaka kidogo pale mukono unapokunjika, halafu muteja anangoja ngozi ikule mafuta. Kungoja kulikuwa muda wa kumaliza hindi moja la kuchoma. Mwenye haraka hakuuziwa. Udi ule ule, kwa muke wa mwalimu ulinukia tamu, na kwa muchinjaji wa mbuzi uligeuka kuwa muchungu. Hakuna aliyeshangaa. Ngozi iko ngozi.

Asubuhi ile alifanya kazi akiwa na simu mufukoni, na kila mara aliigusa. Mutoto wake Kitenge alikuwa anachimba zahabu Salamabila, mu shimo la nne. Shimo la nne lilianguka Ijumaa. Watu tisa walitoka. Mwenye shimo, mutu wa kutoka upande wa mashariki anayeitwa Aristote, ambaye wachimbaji wote wanamuita PDG, yaani mukubwa wa kampuni, alisema tisa ndio waliokuwa ndani. Kitenge, alisema, alikuwa amekwisha kwenda Fizi tangu Jumatano, nyuma ya mwanamuke. Kisha PDG alipanda pikipiki yake akakuja Kasongo, maana Jumamosi inayokuja alikuwa na harusi.

Saa tatu PDG Aristote akafika ku meza ya Mama Léocadie pamoja na muchumba wake Sonia. Hakujua huyu mama ni mama ya nani. Ku Salamabila hakuna anayeuliza muchimbaji ni mutoto wa nani.

"Mama, nataka mafuta ya bwana-arusi," akasema. "Ile ya nguvu. Mutu akinusa ajue mukubwa amepita."

"Lete mukono," akasema Mama Léocadie.

Akamupaka udi. Wakangoja. Sonia alikula hindi la kungojea, na PDG alipiga simu mbili. Ku meza ya pembeni Mamy, muuza samaki wa kukausha wa Nyangwe, alikuwa anafukuza nzi.

Hindi lilipokwisha, harufu ikatoka ku mukono wa PDG. Haikuwa udi. Ilikuwa udongo wa chini uliolowa, na tochi ya kichwani inayowaka siku nyingi, na tangawizi, maana Kitenge alikuwa anatafuna tangawizi mu shimo kwa sababu ya baridi. Chini ya hiyo yote kulikuwa jasho lake. Mama Léocadie alikuwa amefua mashati ya Kitenge miaka kumi na tisa. Aliinama, akanusa mara ya pili.

"Mamy," akaita, "kuya unuse hapa."

Mamy akapangusa mikono, akaleta pua. "Njo Kitenge," akasema. Akanusa tena. "Na jasho ni ya leo. Haiko ya juzi."

"Ni ya leo," akasema Mama Léocadie. "Ya juzi ingekuwa imekauka."

PDG akavuta mukono. "Mafuta yako imeoza, wee mama."

Mama Léocadie akachukua chupa ile ile, akamupaka Sonia. Wakangoja hindi la pili. Ku Sonia ulinukia udi, muzuri, wa kuwekwa mu nguo. Akarudi kwa PDG na miski, kisha waridi, kisha yasmini, mukono wa kuume na wa kushoto, mpaka chupa kumi na mbili zikaisha. PDG alikubali kwa sababu hakuna muuzaji aliyewahi kumushinda. Kila mafuta yalinukia Kitenge. Waridi ndio ulimuonyesha wazi zaidi.

"Mutoto yangu iko mu shimo yako," akasema Mama Léocadie. "Na iko muzima, anatoka jasho. Piga simu wafungue."

Ni hapo PDG alijua huyu ni nani. Akamuangalia vizuri, kama mutu anayeangalia mbuzi aliyeingia mu shamba lake.

"Mama, mutoto yako iko Fizi anabembeleza mwanamuke. Unataka nikachimbe mlima kwa sababu ya harufu ya kwapa?"

Sonia akacheka. Wakaenda zao bila kununua.

Mama Léocadie akapigia simu Espoir, rafiki ya Kitenge, mumoja wa wale tisa. Mtandao ulikatika mara tatu.

"Mama, makoleo tuko nayo," akasema Espoir. "Mikono tuko nayo. Lakini PDG aliacha walinzi pale juu, wako na bunduki. Bila neno yake mwenyewe hatusogei."

"Hamusikii kitu?"

"Kuna anayesema anasikia kugonga. Kuna anayesema ni maji."

Basi akafunga meza, akaenda kwa shefu wa quartier, mukubwa wa mutaa, Mzee Djamali. Ofisi yake ilikuwa na mabati mapya, zawadi ya PDG kwa ajili ya harusi. Mzee Djamali hakumukatalia. Aliagiza PDG aitwe, na PDG akakuja, maana hakuwa na woga. Akanyosha mukono juu ya meza. Shefu akavaa miwani, akanusa kuanzia kifundo mpaka bega.

"Ni Kitenge," akasema. "Huyu alikuwa ananipitia hapa asubuhi akienda ku masomo. Ni yeye kabisa."

"Basi andika," akasema Mama Léocadie.

"Nitaandika namna gani, dada yangu? Karatasi ya procès-verbal inataka mwenye kusema apige sahihi. Harufu itapiga sahihi na nini? Leta Kitenge apige sahihi kwamba iko ndani ya shimo, na mimi leo hii natia muhuri."

PDG akarudisha mukono, akashusha shati. Mulangoni akamupita Mama Léocadie kwa bega.

Jumanne Mama Léocadie hakwenda soko. Alibeba sahani yake ya chupa na kiti kidogo, akakaa mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba ya wakwe wa PDG, pale alipofikia. PDG aliamka akanawa kwa sabuni ya kufulia. Akanawa kwa ndimu. Saa nne akanawa kwa mafuta ya pikipiki, na majirani wakalalamika juu ya mafuta ya pikipiki. Juu ya Kitenge hawakulalamika, walikuwa wanamufahamu. Kila PDG alipokausha mukono, tangawizi ilirudi.

Mama ya Sonia akatoka na ufagio. "Ondoka hapa, muchawi! Mutoto yangu anaolewa, weye unamuletea shimo mu harusi!"

"Shimo si miye nimeleta," akasema Mama Léocadie, akasogeza kiti hatua mbili, mpaka nje ya mwisho wa lupango, akakaa tena.

Jioni jua likiwa bado juu, PDG mwenyewe akatoka. Alisimama mbele yake na taulo shingoni.

"Unataka nini? Sema tumalize."

"Sitaki kitu yako. Piga simu. Sema neno moja: fungueni."

"Weye hujui kazi ya kule," akasema PDG, na sauti yake ilikuwa ya mutu anayefundisha. "Mutu akitoka amekufa mu shimo, kilima yote inalala. Siku tatu hakuna kupiga koleo, kwangu na kwa wengine. Njo desturi yao. Mashimo kumi na moja, mama. Na maiti nibebe miye mpaka kwa mama yake, nikae chini mbele ya watu. Shimo isipotoa mutu, hakuna kilio. Watu wanaendelea na kazi."

"Si maiti. Nusa mukono yako."

PDG akanusa mukono wake. Alinusa sana, macho yamefungwa.

"Kweli, si maiti," akasema. "Basi kama ni muzima, atoke mwenyewe."

Akarudi ndani.

Jumatano jasho liligeuka likawa kali, lile la mutu mwenye woga. Mama Léocadie alilijua tangu Kitenge alipokuwa mudogo na mbwa alimufukuza. Mamy alikuja kumuletea ugali na sombe ya majani ya muhogo. Wakati ule PDG alikuwa anashonewa suti chini ya kibaraza, na fundi alikuwa anamupima mikono pua ikiwa pembeni.

Mamy akanusa hewa. "Tangawizi imeisha," akasema.

"Imeisha saa mbili," akasema Mama Léocadie. "Alikuwa na kipande kimoja, njo alikuwa anakikata kidogo kidogo."

"Mama Léo, kesho rudi soko. Watu wanauliza. Na watu wa huyu PDG wamesema wale wanaokukaribia hawatauza samaki ku harusi."

"Weye utauza?"

Mamy akaangalia sahani ya ugali. "Niko na watoto," akasema. Hakurudi tena.

Alhamisi mvua kubwa ilianguka Kabambare, kule kwenye mashimo, Espoir alisema ku simu, na Kasongo kulikuwa jua. Mukono wa kuume wa PDG ulilowa. Maji yalitoka kwenye kiwiko, ya rangi ya udongo, yakadondoka ku viatu vyake vipya. Sonia alimupa kitambaa, akamuambia asiguse gauni. Waliomba Mama Léocadie aseme dawa ya kukausha. Akasema dawa ni moja, ni ile ile ya Jumatatu. Kaka ya Sonia akapiga teke sahani, chupa tatu zikavunjika, na pale chini ku muchanga udi, miski na waridi vilinukia udi, miski na waridi tu.

Ijumaa, saa tisa ya mchana, PDG alikuwa anajaribu kofia. Mama Léocadie alikuwa ku kiti chake, ngʼambo ya barabara. Upepo ulikuwa unatoka ule upande. Alisikia tochi ikizimika, maana harufu ya betri ilikatika mara moja. Jasho likabaki peke yake, dogo, kama la mutoto akilala. Akasimama. Akaita ku ukuta, kwa sauti ambayo hakuitumia siku zote zile.

"PDG! Sasa! Piga sasa!"

"Mama, niko na kofia mu mikono," PDG akajibu.

Jasho likaisha. Ikabaki baridi, na udongo.

Mama Léocadie akakaa. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa chenye maua, akakigeuza upande wa ndani kama mwenye kufiwa, akajifunga tena. Akakunja kiti. PDG alitoka na kofia kichwani, akamukuta anaondoka.

"Umechoka?" akamuuliza. Akanusa mukono, akatabasamu. "Unaona? Jasho imetoka. Ilikuwa mafuta yako mabaya tu, imekwisha."

"Imekwisha," akasema Mama Léocadie.

Espoir alisema ku simu kwamba ile saa tisa na kugonga kulinyamaza, kwa hiyo sasa wote wamekubaliana kwamba yalikuwa maji. Kilima hakikulala. Mashimo kumi na moja yalifanya kazi mpaka magharibi.

Harusi ilikuwa nzuri. Kulikuwa ngoma, na sahani zilitosha. PDG alicheza shati limekunjwa mikono, kwa sababu ya joto, na ile harufu ya udongo ilienea chini ya turubai lote. Haikuwa kali tena. Ilinukia kama njia ya vumbi mvua ya kwanza ikiipiga. Sonia alilaza kichwa ku mukono wake mbele ya wapiga picha. Alimuambia dada yake kwamba mwanzoni ilimukera, lakini sasa asingeibadilisha. Mzee Djamali alikula ku meza ya mbele. Alipomupa PDG mukono wa pongezi, alisema tu, "Aa, Kitenge," kama mutu anayesalimia jirani, akaenda kuchukua mandazi.

Jumatatu Mama Léocadie alirudi soko. Alipanga chupa tisa, ndogo mbele, kubwa nyuma. Kulikuwa wanawake wanne wanamungoja, wawili waliokuwa ku harusi, bado na hina.

"Mama Léo, tupe ile ya PDG," akasema wa mbele. "Ile ya mvua. Bwana yangu anasema na yeye anaitaka."

"Hata miye," akasema wa pili. "Iko mu chupa gani?"

Ku meza ya pembeni Mamy alikuwa anahesabu samaki, na hakuinua kichwa.

"Haina chupa," akasema Mama Léocadie. "Iko Salamabila, shimo la nne. Wamefunga mulango."

"Basi ikifika utuwekee."

Mama Léocadie akachovya kijiti mu yasmini.

"Lete mukono," akasema.